Maswali ya Wasomaji: Oili A au Oili B?

SWALI: Ndugu Mhariri, nina Hiace mbili za dizeli zenye injini ya 5L, zinazobeba abiria katika njia za vumbi mkoani Singida. Zote natumia oili ya 15W-40, ila za kampuni mbili tofauti, ambazo nitaziita A na B. Karatasi ya muuzaji wa A inaonyesha mnato wa 14.5 kwenye nyuzi joto 100, TBN (kipimo cha uwezo wa oili kuzima asidi) 10.2, daraja la ubora la CI-4 la API, yaani taasisi ya mafuta ya Marekani, na kwamba oili hukoma kumiminika kwenye nyuzi 27 chini ya sifuri. Ya B inaonyesha mnato wa 15.1, TBN 7.5, daraja la CF-4, na kukoma kumiminika kwenye nyuzi 33 chini ya sifuri. Nilipeleka maabara oili iliyomwagwa kutoka kila gari. Gari la A, baada ya kilomita 5,000, lilikuwa na chuma 62, silikoni 11 na alumini 4 katika sehemu milioni moja. Gari la B, baada ya kilomita 3,500, lilikuwa na chuma 55, silikoni 38 na alumini 14. Fundi wangu anasema B imeshinda, kwa kuwa chuma ni kidogo na oili haigandi upesi. Je, nihamie B kwa magari yote mawili?
Msomaji, Singida

JIBU: Ndugu msomaji, usihamie bado, na kabla ya jambo lolote mwambie fundi afungue njia ya hewa ya gari linalotumia B.

Chuma kinachoonekana katika oili iliyotumika hutoka kwenye sehemu za injini zinazosuguana, na huongezeka kadiri gari linavyotembea, kwa hiyo namba mbili za kilomita tofauti haziwezi kuwekwa kwenye mizani moja. Gawanya kwanza. Gari la A limetoa 62 kwa kilomita 5,000, yaani 12.4 kwa kila kilomita 1,000. Gari la B limetoa 55 kwa kilomita 3,500, yaani karibu 15.7. Kumbe gari ambalo fundi analisifu ndilo linalolika haraka zaidi.

Hata hivyo, nisingependa uilaumu oili B kwa sababu ya hesabu hiyo. Tazama silikoni na alumini: zote mbili katika gari la B ni zaidi ya mara tatu ya zile za gari la A. Madini hayo mawili yakipanda pamoja, ishara ya kwanza ya kufikiria ni vumbi la barabarani linaloingia ndani ya injini na kusaga silinda na ringi za pistoni kama msasa. Chunguza chujio la hewa, ambalo mafundi huliita eya klina, kama linakaa sawasawa katika nyumba yake. Kisha pitisha mkono kwenye hozi inayotoka hapo hadi kwenye injini, hasa upande wa chini usioonekana, utafute ufa au kleme iliyolegea. Ukikuta vumbi jekundu limeganda ndani ya hozi baada ya chujio, umepata jibu ambalo hakuna oili ya bei yoyote ingeweza kulitibu. Silikoni pekee inaweza pia kutoka kwenye gundi ya gasketi au kwenye dawa ya kuzuia povu iliyomo katika oili yenyewe, na ndiyo sababu ni busara kupima pia oili mpya kutoka kwenye dumu lile lile.

Sasa tuje kwenye karatasi za wauzaji. Mnato wa 14.5 na wa 15.1 zote ziko ndani ya daraja la 40, yaani namba ya mwisho katika 15W-40, ambalo kwa kiwango cha SAE J300 huanzia 12.5 na kuishia chini ya 16.3, kwa hiyo tofauti hiyo haikupi sababu ya kuchagua. Kukoma kumiminika kwenye nyuzi 33 chini ya sifuri ni sifa yenye maana kwa mtu anayewasha gari katika majira ya baridi kali ya Ulaya. Kwa Singida, tafadhali iache kabisa. Namba ambayo ningeiomba kwa muuzaji, na ambayo karatasi nyingi haziitaji, ni HTHS, yaani mnato unaopimwa kwenye nyuzi joto 150 oili ikiwa inasuguliwa kwa kasi kubwa, kama inavyosuguliwa ndani ya beringi. Kwa 15W-40 haipaswi kuwa chini ya 3.7.

TBN ni akiba ya dawa inayozima asidi. Ya A ni kubwa zaidi, lakini hakikisha karatasi zote mbili zimetumia njia moja ya kupimia, kwa kuwa njia ya ASTM D4739 kwa kawaida hutoa namba ndogo kuliko D2896 kwa oili ile ile. Pia asidi nyingi ilitokana na salfa ya dizeli, na dizeli yenye salfa kidogo imepunguza uzito wa hoja hiyo.

Kwangu mimi, herufi za API ndizo zenye uzito zaidi, kwa sababu nyuma yake kuna majaribio ya injini nzima. CF-4 ni daraja la mwaka 1990, na API imeshaliweka kando; CI-4 lilikuja mwaka 2002 na linaweza kutumika mahali pa CF-4. Kwa karatasi hizi, basi, ningechagua A, mradi dumu ni halali na herufi hizo zimo kwenye lebo.

Ukitaka kuzilinganisha kwa haki, tengeneza kwanza njia ya hewa, kisha tumia oili moja katika gari moja kwa vipindi vitatu vya kilomita zile zile kabla ya kujaribu nyingine, na matokeo ya kipindi cha kwanza baada ya kubadili usiyahesabu, maana mabaki ya oili ya zamani bado yamo. Chukua sampuli injini ikiwa ya moto, baada ya oili ya kwanza kumwagika kidogo, katika chupa safi iliyo kavu. Andika kwenye chupa kilomita na kiasi cha oili uliyoongeza njiani, kwa kuwa lita moja ya nyongeza huishusha namba ya chuma katika ripoti wakati injini inaendelea kulika vile vile.