Dagaa wa chanja na ahadi ya kwenye lebo: swali la dada wa Igombe

SWALI: Shikamoo kaka. Niko Igombe huku Ilemela, tuna kikundi cha kina mama 22, tunanunua dagaa wabichi mitumbwi ikirudi asubuhi, tunaanika kwenye chanja, yaani vitanda vya nyavu vilivyoinuliwa, sio kwenye mchanga, tunapaki nusu kilo, wateja wengi wako Mwanza mjini na Dar. Kuna kijana anafanya promo mtandaoni kaniambia siku hizi kinachouza ni biashara ya kijamii, eti nipige picha watoto wa hawa mama niandike "kila paketi inasomesha mtoto", halafu nikasajili NGO. Ni kweli? Na hiyo gharama ya kusaidia jamii naiweka wapi kwenye bei? Naomba jibu la kitaalam.

JIBU: Marahaba mdogo wangu, poleni na kazi.

Nianze na hiyo sentensi ya watoto maana ndo iliyoniuma zaidi. Usiiandike. Jiulize, mteja wa Dar akikupigia akauliza ni mtoto gani, yuko shule gani, kwenye paketi yangu ya elfu tano shilingi ngapi imeenda kwenye ada, utamjibu nini? Kama hela haijatengwa hiyo ni ahadi hewa, na umeichapa kwenye lebo ikasambaa nchi nzima. Halafu picha za watoto sio za kuchezea, toka tupate Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 huwezi kuchukua sura ya mtu ukaitumia kibiashara hivihivi, na kwa mtoto ridhaa ya mzazi ni lazima, tena mzazi aelewe picha inaenda wapi na itakaa muda gani. Na hata bila sheria, hawa mama wanaamka saa kumi alfajiri kusubiri mitumbwi. Ni wafanyakazi, wana ujuzi wa kuanika ambao mimi sina. Kwa nini uwatangaze kama watu wa kuonewa huruma?

Sasa, ni kweli kwamba biashara ya kijamii inauza? Kijana wako yuko sahihi nusu. Kweli hii kitu imebadilisha biashara na masoko duniani, ila sio kwa namna anavyofikiri. Biashara ya kijamii maana yake ni biashara inayojiendesha kwa mauzo yake lakini imeanzishwa kutatua shida fulani ya watu, na shida hiyo inatatuliwa na biashara yenyewe, sio na sadaka inayotolewa baada ya faida. Muhammad Yunus kule Bangladesh alianza kukopesha maskini vihela vidogo mwaka 1976, mradi wake wa Grameen ukawa benki kamili 1983, yeye na benki wakapewa Nobel ya Amani 2006. Hakuwa anagawa hela, alikuwa anakopesha na analipwa, na wakopaji wengi walikuwa kina mama kama hao wa kwako. Baada ya hapo makampuni makubwa yakaanza kuona kumbe mtu wa kipato cha chini ni mteja na ni mzalishaji, sio mtu wa msaada tu.

Mwaka huohuo 2006 kule Marekani ikaanza kampuni ya viatu inaitwa TOMS, wewe ukinunua pea moja wao wanampa mtoto maskini pea moja. Ilivuma sana, watu wa masoko wakaiga kila kona, nunua hiki tutatoa kile, na hiyo "kila paketi inasomesha mtoto" ya kijana wako ni mtoto wa wazo hilo. Ila maswali yakaanza, je hivyo viatu vya bure vinaondoa umaskini au vinamuua fundi viatu wa kijijini ambaye alikuwa anauza? Kuanzia 2019 TOMS wenyewe wakaanza kuachana na ule mtindo wa pea kwa pea, wakahamia kutoa theluthi ya faida. Kwa hiyo anachokuuzia huyo kijana kama kitu kipya, walioanzisha wameshakiacha.

Na wala hatuna haja ya kwenda mbali, sisi watu wa Mwanza hili tulilijua kabla ya wengi. Waulize wazee wa pamba. Miaka ya 1950 mwanzoni wakulima wa Usukumani walikuwa wanalalamika wanapunjwa kwenye mizani ya wanunuzi, Paul Bomani, kiongozi wa ushirika wa wakulima, na wenzake wakawakusanya, kazi ikaanzia hapohapo kwenye mizani, mkulima awe na uhakika kilo yake ni kilo. 1955 ikazaliwa Victoria Federation of Co-operative Unions, shirikisho la vyama vya ushirika vya pamba, hapa Mwanza, ikaja kuwa moja ya vyama vikubwa vya ushirika Afrika, na chama cha ushirika cha Nyanza ndo mrithi wake. Hiyo ilikuwa biashara ya kijamii kabla jina halijaja. Haikujengwa kwa picha ya mkulima mwenye nguo iliyochanika, ilijengwa kwa kipimo ambacho kila mtu anaweza kukikagua, na mimi kila nikisoma tangazo la biashara siku hizi natafuta kwanza mizani yake iko wapi.

Mfano wa karibuni ni kisiwa cha Ukara humuhumu ziwani. Kampuni ya umeme ya JUMEME walipopeleka umeme jua kisiwani 2016 walikutana na shida ambayo kila mwenye mradi wa umeme vijijini anaijua, unaweza kuleta umeme lakini mtu asipokuwa na kipato ataununua na nini? Wakaingia kwenye samaki, wakawa wananunua kwa wavuvi, wanagandisha kwa umeme uleule, wanauza nje ya kisiwa. Mvuvi akapata soko, kampuni ikapata matumizi ya umeme wake. Hapo huwezi kutenganisha wema na biashara ukasema huu upande wa kusaidia na huu wa faida. Hilo ndo badiliko lenyewe ninalotaka ulione.

Turudi kwenye chanja zako sasa, maana una kitu kikubwa na naona hujakiona. Mteja wa dagaa anaogopa nini? Mchanga. Amenunua dagaa sokoni kawapika vizuri na nyanya na kitunguu, akitafuna tu meno yanalia. Dagaa wa kwenye chanja hana mchanga, anakauka juu na chini, na mvua ikinyesha unawahi kumfunika, wakati aliyeanikwa mchangani anaoza au anabaki chakula cha kuku, na bei ya chakula cha kuku unaijua. Kwa hiyo kitu kilekile kinachomfanya mama asipoteze mtaji wake msimu wa mvua ndo kinachompa mteja dagaa msafi. Hapo ndo uweke tangazo lako. Mbele ya lebo andika kwa herufi kubwa DAGAA WA CHANJA, HAWAJAGUSA MCHANGA. Nyuma, kwa maandishi madogo, wameanikwa na kina mama 22 wa Igombe, na tarehe waliyoanikwa. Mteja atanunua mara ya kwanza kwa sababu ya mchanga, akishakula akageuza paketi akasoma nyuma ndo atapata cha kumhadithia jirani. Ukigeuza ukaweka huruma mbele atanunua moja ya kukusaidia halafu basi, huruma hainunui dagaa kila wiki.

Bei. Hapa naomba ukae chini na daftari kwa sababu vikundi vingi nilivyokaa navyo vinaumia hapa. Nikupe namba za mfano tu wewe utaweka zako. Tuseme unatoa paketi 100 za nusu kilo. Dagaa wabichi 250,000, matengenezo ya chanja na nyavu 10,000, vifungashio na lebo 40,000, usafiri 15,000. Wengi wanaishia hapo, 315,000, wanasema paketi imenigharimu 3,150, nikiuza 4,000 nimepata. Na nguvu za mama je? Aliyegeuza dagaa juani toka asubuhi, aliyechambua, aliyepaki? Weka malipo ya kazi, tuseme 60,000. Weka na mfuko wa kikundi 20,000, wa mama akiugua au mtumbwi ukirudi mtupu. Sasa jumla ni 395,000, paketi ni 3,950, na ukiuza 4,000 umebakiwa na shilingi hamsini. Ukiuza 5,000 rejareja unapata 1,050, dukani ukimpa mwenye duka kwa 4,500 inabaki 550. Ndo jibu la swali lako, gharama ya jamii inakaa juu kabisa kwenye gharama za uzalishaji pamoja na dagaa na vifungashio, haisubiri faida. Ukiitoa ili bei iwe rahisi ujue mama wa Igombe ndo anamsaidia mteja wa Dar, sio mteja anamsaidia mama. Na mnunuzi wa jumla akiomba punguzo mkatie kwenye faida yako au kwenye usafiri, usiguse malipo ya kazi.

Halafu ushahidi. Kuna kikundi nilikisaidia kuandaa vipeperushi miaka ya nyuma, wakaniambia wanachama wako 200, nikaandika bila kuhakiki, mnunuzi mmoja mkubwa akaja akaomba orodha ya majina na malipo, yakapatikana 60. Alikuwa hana shida na 60 hata kidogo, alikuwa na shida na 200, akaondoka na oda yake. Niliumia sana kwa ajili ya wale mama na toka siku ile siandiki namba ambayo sijaiona kwenye daftari. Na ziwa letu linaijua bei ya kupoteza imani, mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulisimamisha samaki wa Ziwa Victoria kwa sababu ya watu waliokuwa wanavua kwa sumu, wakaumia mpaka wale ambao maisha yao yote hawajawahi kushika sumu. Kwa hiyo daftari liwe na tarehe, kilo zilizoingia, kilo kavu zilizotoka, zilizoharibika, nani kafanya kazi na kalipwa ngapi, asaini au aweke dole gumba. Zile kilo zilizoharibika usizifiche, zikipungua msimu hadi msimu hiyo ndo habari nzuri kuliko picha yoyote utakayopiga.

Usajili sitakaa nao sana. NGO hapana, kisheria NGO haitakiwi kugawana faida na nyie mnataka kugawana, tena ni haki yenu. Tanzania hatuna usajili maalum unaoitwa biashara ya kijamii, unachagua kampuni au jina la biashara kwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, au ushirika, au kubaki kikundi kilichosajiliwa halmashauri. Kwa sasa mngebaki kikundi kwanza, mnakuwa na sifa ya kuomba ile mikopo ya asilimia 10 isiyo na riba, ambapo 4 ni za wanawake, 4 vijana na 2 watu wenye ulemavu, ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024, muone afisa maendeleo ya jamii wa kata. Ila andikeni katiba inayosema faida inagawanywaje, hiyo ndo itakayowalinda hela zikianza kuwa nyingi. Na pitieni SIDO, shirika la viwanda vidogo, wawashike mkono kufika TBS, Shirika la Viwango, maana toka 2019 mambo ya usalama wa chakula yako TBS na duka kubwa litakuuliza alama ya ubora kabla halijakuuliza habari ya kina mama.

Giza hili, siku zisizo na mbalamwezi ambazo dagaa wanavuliwa, mna kazi, sitaki muache dagaa kwa ajili ya makaratasi. Mbalamwezi ikiingia mitumbwi ikapumzika, kaeni wote 22 mpige hesabu ya giza zima, kilo na malipo na zilizooza, halafu nitumie picha ya huo ukurasa wa daftari tu. Maneno ya nyuma ya lebo tutayatoa humo.