Usiombe muda peke yake, omba riba isimame

Mtu wa Goma akishindwa kulipa mkopo, neno la kwanza analomwambia ajenti wa shirika la mikopo ni hili: "Papa, uniongezee kidogo muda." Na ajenti huwa mwepesi kuongeza. Kwa nini akatae? Muda ndio anaouza.

Piga hesabu pamoja nami. Tuseme umekopa dola 1,000 kwa miezi 10, riba 3 kwa mia kila mwezi juu ya mtaji wote wa mwanzo, yaani pesa yenyewe uliyokopa. Kila mwezi unapeleka 100 za mtaji na 30 za riba. Miezi minne umelipa vizuri, halafu biashara ikaanguka. Umebakiza mtaji wa 600. Unaomba ile miezi sita iliyobaki iwe kumi na miwili, unakubaliwa, unashukuru. Sasa unapeleka 50 za mtaji, lakini zile 30 za riba hakuna aliyezigusa. Riba uliyobakiza ilikuwa 180, imekuwa 360. Umepewa nafuu ya kila mwezi, deni lenyewe limenona.

Kunyamaza ni kubaya zaidi. Mikataba mingi ina amande, yaani faini ya kuchelewa. Tuseme ni 1 kwa mia kwa siku juu ya zile 130 ulizoshindwa kuleta: siku 30 zikipita, amande peke yake ni dola 39. Ukifika dirishani na dola 60 ulizokusanya kwa jasho, 39 zinamezwa na amande, 21 zinaingia kwenye riba, na mtaji haupungui hata dola moja. Mwezi unaofuata unaanzia palepale, tena na 130 nyingine juu. Ndivyo mtu anavyolipa mwaka mzima na bado anadaiwa alichokopa.

Mimi nilikuwa nauza vitenge Birere, hapa Goma, wakati volkano ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021. Siku chache baadaye, tarehe 27, tukaamriwa kuhama, nasi tukashika njia ya Sake mpaka Minova na watoto na mabeseni. Tuliporudi wateja walikuwa wametawanyika, lakini kalenda ya mkopo ilikuwa imeendelea kuhesabu kama kawaida. Nilipokwenda ofisini, ajenti, kijana mwenye adabu, akanipokea vizuri: "Mama, tunakuongezea miezi mitatu, usihangaike." Kabla ya kujibu nikamwomba anichapie karatasi ya malipo yangu yote, mstari kwa mstari: hii imeingia kwenye amande, hii kwenye riba, hii kwenye mtaji. Akaichapa. Nikapitisha kidole kwenye safu ya mtaji, nikakuta malipo yangu ya mwisho yana sifuri. Nikamwambia: "Mwanangu, miezi mitatu sikatai. Lakini amande zisimame, riba ishuke, na kila ninacholeta kianze kuingia hapa." Hakuwa na mamlaka hayo, akanipeleka kwa mkuu wa tawi. Tukazungumza sana. Mwishoni amande zikafutwa zote na riba ikapunguzwa nusu mpaka deni liishe. Walikubali kwa sababu nilikwenda na hesabu.

Ombeni basi hiyo karatasi kabla ya jambo lingine lolote. Ni haki yako kujua pesa yako inaingia wapi.

Halafu andika barua. Maneno ya mdomo hayana nguvu, maana ajenti wanahamishwa na anayekuja hakujui. Barua iwe fupi, kwa Kifaransa ikiwezekana kwa kuwa ndicho wanachofungulia madosie. Mwanafunzi wa chuo hapo mtaani atakusaidia. Sema mambo haya: kilichotokea na tarehe yake, kinachoingia nyumbani kwako kwa mwezi na kinachotoka, yaani kodi ya nyumba, chakula, minerval (ada ya shule) ya watoto, nani wengine wanaokudai na kiasi gani, unaweza kulipa ngapi kila mwezi bila kukosa. Ndipo uweke maombi yako matatu wazi: amande zifutwe, riba isimamishwe au ipunguzwe kwa miezi kadhaa, malipo yaanze kupunguza mtaji. Peleka nakala mbili. Moja ipigwe muhuri wa mapokezi na tarehe, urudi nayo nyumbani.

Usiahidi kikubwa ili wafurahi. Dola 40 zinazofika kila tarehe 5 zina thamani kuliko 100 za mara moja kisha ukimya. Na kama una akiba waliyoifunga kama dhamana, uliza kama inaweza kukatwa sasa ipunguze mtaji. Wengi wanaiacha imelala pale huku riba inawala.

Usidhani unakwenda kuomba sadaka. Mkopo ukipitisha siku 30 bila kulipwa, shirika linauhesabu kati ya mikopo iliyo hatarini, na hesabu hiyo inamsumbua mkuu wa tawi mbele ya wakubwa wake. Ukija kabla ya siku hizo, na pesa kidogo mkononi, wewe ni habari njema kwake. Ndiyo maana nasema nenda mapema, hata wiki moja kabla ya tarehe, usingoje simu zao.

Kuna mtego mmoja ninaouogopa kuliko yote. Unaambiwa: "Tusahau ya zamani, tia sahihi mkataba mpya." Unaangalia, mkataba unasema unadaiwa dola 900. Mtaji wako ulikuwa 600; zile 300 ni amande na riba za nyuma, sasa zimegeuzwa mtaji, na riba mpya itahesabiwa juu yake. Usitie sahihi. Sema mtaji na amande viandikwe mbalimbali, kila kimoja na mstari wake.

Ukiwa umekopa dola na unauza kwa faranga, angalia pia kiwango cha kubadilisha. Mwaka 2021 dola ilikuwa karibu faranga 2,000. Mwaka 2024 ilipita 2,700. Aliyekopa dola 500 mwaka ule na akabaki na deni alihitaji faranga nyingi zaidi kulipa dola zilezile. Taja jambo hilo kwenye barua, ni sababu ya kweli. Na siku ya kulipa, chunguza noti zako kabla ya kutoka nyumbani: noti ya dola iliyochanika kidogo pembeni inakataliwa dirishani, na siku hiyo inahesabiwa umechelewa.

Kwenye AVEC, vile vikundi vyetu vya kuweka akiba na kukopeshana, mambo ni mepesi kidogo, maana riba inarudi kwetu sisi wenyewe wakati wa kugawana. Amande huko inafutwa na kikao, kwa hiyo simama mbele ya kikao, usimfuate mweka hazina peke yake jioni. Wenzako wakisikia kwa masikio yao, hawatasema umependelewa.

Banque Lambert, yaani watu binafsi wanaokopesha kwa riba kubwa nje ya benki, ni jambo lingine kabisa. Huko riba inahesabiwa kwa mwezi, 30 kwa mia, hata 50, na aliyekukopesha ameshika karatasi za kiwanja chako au karta yako ya benki. Nimeona mama mjane analipa riba tu huku mtaji umekaa palepale, na inaniumiza kila ninapokumbuka. Lakini hata huyu anazungumzika. Usiende peke yako. Nenda na mkuu wa nyumba kumi, mzee wa familia au mchungaji, na hesabu ya yote uliyokwisha kulipa. Jumbe za M-Pesa na Airtel Money usizifute kamwe. Mwambie: "Papa, nimekurudishia mtaji wako na juu yake. Tukubaliane kiasi cha mwisho." Ajue pia kwamba sheria yetu ya mikataba, ile ya mwaka 1888, katika kifungu cha 131 bis, inamruhusu hakimu kushusha deni mpaka mtaji na riba ya kawaida, ikiwa mkopeshaji alitumia shida au ujinga wa mkopaji kumtoza riba iliyopita kiasi. Sentensi hiyo ikisemwa kwa heshima mbele ya mashahidi inalainisha mazungumzo.

Akileta polisi, usitetemeke. Kushindwa kulipa mkopo ni shauri la madai, si kosa la jinai. Cheki isiyo na pesa ni kosa, kwa hiyo usiwape cheki tupu kama dhamana.

Kwa mikopo ya mashirika, wakikataa kabisa, sheria za OHADA, yaani sheria za biashara za pamoja za nchi kadhaa za Afrika, ambazo Kongo ilizipokea mwaka 2012, zinampa hakimu uwezo wa kugawa malipo ndani ya mwaka mmoja na kuamuru yapunguze mtaji kwanza. Ni kifungu cha 39 cha sheria yao ya kukusanya madeni. Si lazima ufike mahakamani. Kukitaja kwenye barua ya pili kunatosha mara nyingi.

Na kwa wale waliokwama tangu benki zilipofunga milango hapa Goma mwishoni mwa Januari 2025: mlango ukiwa umefungwa, si wewe uliyekataa kulipa. Dai amande za miezi hiyo zitolewe. Sheria haimtozi mtu fidia kwa jambo lililomzuia kwa nguvu. Peleka ushahidi wowote ulio nao, hata ujumbe uliomtumia ajenti ukiuliza ulipe wapi, uuambatanishe na barua.

Deni likiisha, dai karatasi inayosema limeisha, yenye muhuri na jina la aliyetia sahihi, na dhamana yako irudi mkononi siku hiyohiyo. Wakikwambia hati ya kiwanja iko kwa mkuu na mkuu amesafiri, waandike hivyo kwenye karatasi, waweke na tarehe ya kuirudisha.