Maswali yenu kuhusu John Huston

Wiki iliyopita nilimtaja John Huston kwa mistari miwili tu, kwamba ndiye mwongozaji wa The African Queen ya mwaka 1951, nikapita. Sikujua nimechokoza watu. Maswali yameingia mfululizo, mengi kutoka kwa watu wa maziwa na mito ambako filamu yenyewe inadaiwa kutokea. Nimechagua haya, nimeyafupisha kidogo.

Shikamoo mwandishi. Hapa Kigoma tunaambiwa tangu utotoni kwamba MV Liemba ndiyo meli ya kwenye The African Queen. Ni kweli, au ni maneno ya bandarini tu? (Msomaji, Kigoma)

Marahaba. Maneno ya bandarini, ila yana mzizi.

Meli yenu iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaitwa Graf von Götzen. Ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa Dar es Salaam, ikapanda treni hadi Kigoma, ikaungwa upya na kushushwa ziwani mwaka 1915. Ilikuwa Vita Kuu ya Kwanza, na Waingereza nao wakajibu kwa kichekesho chao: boti mbili ndogo za injini, Mimi na Toutou, zilizosafirishwa kwa treni kutoka Cape Town, na pale reli ilipokatika zikakokotwa porini Katanga kwa mashine za mvuke na ng'ombe hadi Ziwa Tanganyika. Vita hivyo vya ziwani ndivyo vilivyompa C. S. Forester malighafi ya riwaya yake ya 1935, na riwaya hiyo ndiyo Huston aliyoigeuza filamu. Meli ya Wajerumani humo inaitwa Louisa.

Kwenye filamu Louisa inalipuliwa kwa torpedo za kuungaunga. Götzen halisi haikulipuliwa na mtu. Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai 1916 walipoona Kigoma inawaponyoka, na kabla ya hapo mafundi wakaipaka injini grisi nene isile kutu. Waingereza walipoiibua mwaka 1924 waliikuta bado inafaa, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Kwa hiyo Liemba imo kwenye chimbuko la hadithi, lakini kwenye picha haimo. Kamera za Huston zilifanya kazi Kongo ya Wabelgiji na Uganda.

Jambo ndugu. Wazee wetu wa Kisangani husema Wazungu wa sinema walipita Ubundu. Walifanya nini kule? Na ni kweli wote waliugua? (Msomaji, Kisangani)

Wazee wako wako sahihi. Ubundu wakati ule iliitwa Ponthierville, na kambi ya filamu ilijengwa Biondo, kando ya mto Ruiki unaoingia Lualaba. Huston alizunguka kwa ndege akitafuta mto anaoutaka, akaupenda Ruiki kwa maji yake meusi, weusi unaotokana na majani yanayooza chini. Waliokata miti na kuijenga kambi walikuwa watu wa hapo hapo, na hutaona hata jina lao moja kwenye orodha ya waliotengeneza filamu.

Shida ilikuwa kwamba boti ya filamu, African Queen yenyewe, ni ndogo mno. Kamera ya Technicolor, yaani ya filamu za rangi, ya enzi hizo ilikuwa na uzito wa kutisha, na taa zake zilihitaji jenereta. Wakatengeneza machelezo ya mbao yaliyofungwa nyuma ya boti kwa msururu: moja lilikuwa na nakala ya boti ili kamera ipate nafasi, jingine taa, jingine jenereta, na la mwisho choo na chumba cha kubadilishia nguo cha Katharine Hepburn, mwigizaji mkuu wa kike. Msururu ukawa mzito, haukati kona. Kilichoachwa kwanza ni choo cha Hepburn. Yeye akarudi kutumia kichaka kama wengine.

Kuhusu ugonjwa: karibu kikosi kizima kiliugua tumbo na malaria. Maji ya kunywa yalikuwa machafu. Hepburn, aliyekerwa na ulevi wa mwigizaji mwenzake Humphrey Bogart na wa Huston, alikuwa akinywa maji kwa makusudi ili kuwaonyesha mfano, na ndiye aliyeugua vibaya kuliko wote. Ile sehemu ya kanisani, anapopiga kinanda huku waumini wakiimba, ndoo ya kutapikia ilikuwa pembeni, nje ya jicho la kamera. Mtazame usoni pale, utaelewa. Bogart na Huston hawakuugua, na maisha yao yote walitamba kwamba wiski ndiyo iliyowaokoa. Sikushauri dawa hiyo.

Kutoka Kongo walihamia Uganda, Butiaba kwenye Ziwa Albert na maporomoko ya Murchison. Sehemu za waigizaji kuingia majini zilipigwa kwenye tangi la studio Uingereza, maana hakuna aliyekuwa tayari kuogelea na kichocho na mamba.

Na hapa niongeze jambo ambalo hukuuliza. Siku za mwanzo Hepburn alimwigiza yule mmisionari, Rose, kwa uso mkavu, midomo imeshuka. Huston hakumkaripia mbele ya watu. Alimfuata kwenye kibanda chake asubuhi, akamuuliza kama amewahi kumwona Eleanor Roosevelt, mke wa Rais, akitembelea wanajeshi majeruhi hospitalini. Alikuwa mama asiye na sura ya urembo, lakini alijua kutabasamu tabasamu la kijamii lililompa kila mgonjwa moyo. Basi, akamwambia, mcheze Rose hivyo, akaondoka. Hepburn aliandika baadaye kwamba hakuwahi kupewa maelekezo bora kuliko hayo. Kwangu mimi kipaji cha Huston kipo hapo: anakuchagua vizuri, anakuambia neno moja, kisha anakuacha.

Nimesikia alikuja Afrika kuua tembo, filamu ilikuwa kisingizio. (Msomaji, Arusha)

Sifa hiyo aliipata kwa Peter Viertel, mwandishi aliyemsaidia kwenye mswada. Mwaka 1953 Viertel alitoa riwaya yenye mwongozaji anayefanana na Huston nukta kwa nukta, aliyepagawa na tembo kiasi cha kusahau kazi. Clint Eastwood akaifanya filamu mwaka 1990. Kwamba Huston alitoroka kwenda kuwinda siku za kazi, hilo halina ubishi. Hata Hepburn alimfuata porini mara moja, wakajikuta karibu mno na kundi la tembo. Lakini katika kitabu cha maisha yake Huston anasema hakuwahi kuua tembo, ingawa alijaribu sana.

Mwaka 1958 mtu huyo huyo alirudi Afrika, safari hii maeneo ya Wafaransa, Chad na jirani zake, kutengeneza filamu kuhusu mtu anayepigania tembo wasiuawe. Inaitwa The Roots of Heaven. Wazo zuri, filamu dhaifu.

Assalaam aleikum. Mimi kijana, napenda kuongoza filamu lakini sina chuo. Huston alisomea wapi? (Msomaji, Mombasa)

Waalaikum salaam. Hakusomea popote, lakini usikimbilie kufurahi.

Alizaliwa tarehe 5 Agosti 1906 katika mji mdogo uitwao Nevada, jimbo la Missouri. Baba yake, Walter, alikuwa mwigizaji wa jukwaani; mama yake, Rhea Gore, mwandishi wa habari. Waliachana akiwa mdogo. Utotoni madaktari walisema moyo wake umevimba na figo ni mbovu, akalazwa kama mgonjwa asiye na tumaini. Akapona, akaacha shule, akaingia ngumi za ridhaa, akachora picha, akaenda Mexico kupanda farasi na askari wa huko, akaandika hadithi fupi. Mwaka 1933 gari lake lilimgonga na kumuua mwanamke aliyekuwa akivuka barabara Hollywood. Uchunguzi haukumtia hatiani, ila alikimbilia London, na huko aliishi kifukara.

Sasa sikiliza sehemu inayokuhusu. Aliporudi aliajiriwa na Warner Bros. kuandika miswada, akakaa hapo miaka akiandikia waongozaji wengine: Jezebel, Juarez, High Sierra, Sergeant York. Akakubaliana na mabosi wake kwamba High Sierra ikifanya vizuri, wampe filamu yake mwenyewe. Ikafanya vizuri. Akachagua The Maltese Falcon, riwaya ambayo kampuni hiyo hiyo ilishaitengeneza mara mbili, 1931 na 1936. Watu walimshangaa. Yeye alifuata kitabu karibu mstari kwa mstari, na kabla ya siku ya kwanza alikuwa amechora kila picha kwa mkono: kamera itakaa wapi, nani atasimama wapi. Mwigizaji George Raft alikataa sehemu kuu, ikamwangukia Bogart. Filamu ikatoka 1941, Huston ana miaka 35.

Huna chuo, sawa. Je, una mswada?

Ni kweli baba, mwana na mjukuu wote wana Oscar? (Msomaji, Muscat)

Kweli. Machi 1949 Huston alichukua mbili, ya uongozaji na ya mswada, kwa The Treasure of the Sierra Madre, na baba yake akachukua ya mwigizaji msaidizi kwa filamu hiyo hiyo. Mzee Walter, aliyezoea kucheza waungwana, alitakiwa na mwanawe avue meno yake ya bandia ili awe mchimba dhahabu wa kweli. Hakupenda. Itazame uone nani alikuwa sahihi. Mwaka 1986 Anjelica, binti wa Huston, akapata yake kwa Prizzi's Honor, na mwongozaji ni baba yake.

Mbona mahali pengine wanamwita Mwairishi? (Msomaji, Nairobi)

Kwa sababu alikuwa hivyo, kuanzia 1964 alipochukua uraia wa Ireland. Mwaka 1947, Bunge la Marekani lilipoanza kuwasaka wakomunisti wa Hollywood, Huston, mwongozaji William Wyler na mwandishi wa miswada Philip Dunne waliunda kamati ya kupinga, wakajaza ndege waigizaji maarufu kwenda Washington. Haikusaidia, watu wakaendelea kufukuzwa kazi. Alichukizwa, akahamia Ireland, akanunua na kukarabati jumba la St. Clerans huko Galway, akawinda mbweha kwa farasi. Kodi za Marekani nazo zilichangia, tusimfanye mtakatifu.

Ugomvi wake na wakubwa ulianza katika Vita vya Pili vya Dunia. Jeshi lilimtuma kupiga filamu za kweli. Ya vita vya San Pietro, Italia, ilionyesha maiti za Wamarekani, majenerali wakaikasirikia, hadi George Marshall, mkuu wa jeshi, alipoitetea. (Leo inajulikana kwamba mapigano mengi humo yaliigizwa upya.) Kisha akapiga Let There Be Light, kuhusu askari waliorudi na akili zilizojeruhiwa, katika hospitali ya jeshi Long Island. Wanalia, wanatetemeka, mmoja hawezi kutembea ingawa miguu ni mizima. Mwaka 1946 polisi wa jeshi waliizuia isionyeshwe kwenye jumba la makumbusho New York, na ikafungiwa hadi 1980. Weusi na Weupe wanatibiwa chumba kimoja humo, wakati jeshi lenyewe bado liliwatenga.

Nianze na ipi, niepuke ipi? (Msomaji, Dar es Salaam)

Anza na Sierra Madre. Halafu Fat City ya 1972, mabondia waliochoka wa Stockton, California. Aliyewahi kupigana ulingoni ndiye anayeweza kupiga picha ya ngumi bila mbwembwe vile. Mwisho The Dead ya 1987, aliyoongoza akiwa kwenye kiti cha magurudumu na mpira wa oksijeni puani. Mwanawe Tony aliandika mswada. Alikufa Agosti 28 mwaka huo, kabla haijatoka.

Za kuepuka ni nyingi. Alicheza kamari, alipenda farasi, alioa mara tano, na bili zilipokuja alikubali kazi yoyote. Annie ya 1982 waachie watoto.

Yule mzee wa kutisha kwenye filamu ya Chinatown ni yeye? (Msomaji, Bujumbura)

Ndiye, na sauti ya mchawi Gandalf kwenye katuni ya The Hobbit ya 1977 ni yake pia. Halafu kwenye The Bible ya 1966, aliyoiongoza mwenyewe, alicheza Nabii Nuhu. Mzee wa Chinatown anaitwa Noah Cross, yaani Nuhu tena. Wa kwanza aliokoa wanyama, wa pili aliiba maji ya Los Angeles.