Muda umekwisha, mume wangu bado yuko Kongo

SWALI: Asalaam alaykum Shangazi. Mume wangu ni askari wa kulinda amani, yuko Beni. Muda wake umekwisha, lakini kila wiki anaambiwa angoje. Sauti yake kwenye simu imepooza. Nifanyeje?
Mama wa wawili, Wete

JIBU: Waalaykum salaam, mwanangu. Mie pia nimengoja mume wa jeshi. Kosa langu, kila simu nikianza na "unarudi lini?" Tarehe yenyewe haimo mkononi mwake! Siku moja akaniambia, "Niulize kitu chengine." Nikamhadithia mbuzi wetu alivyotafuna khanga ya jirani, akacheka mpaka salio likakatika.

Basi mpe ya nyumbani: karafuu zimeanikwa, mdogo kang'oka jino. Warekodi watoto wakisoma sura waliyohifadhi, aisikilize usiku kambini. Beni wako nyuma yetu saa moja. Ukipiga baada ya Isha, kwake Magharibi ndiyo kwanza imepita. Vijideni vya dukani malizana na shemeji zako. (Halua nunua akishafika, isije ikaota ukungu.)

Ila akikwambia hapati usingizi, hali chakula, hilo si la mbuzi. Mhimize amwone daktari wa kikosi, siku hiyo hiyo.