Mwanangu, kuhusu lile swali lako la fungu la kumi

Mwanangu,

Bwana Yesu asifiwe. Shikamoo yako nimeipata, marahaba baba. Ile meseji yako ya Jumamosi usiku niliisoma nikiwa jikoni nachambua maharage nikasema hii siwezi kuijibu kwa voisi, maana nikianza kuongea siishii, na wewe voisi zangu zikizidi dakika mbili najua unaziruka. Kwa hiyo nimevaa miwani nimekaa niandike, uvumilie vidole vya mama yako.

Umeuliza mambo matatu kwa mkupuo. Fungu la kumi ulitoe kwenye mshahara kabla ya makato au kwenye kile kinachoingia benki. Hela unayotutumia huku na ada ya mdogo wako, inahesabika au haihesabiki. Na yule rafiki yako mnayesali naye huko Dar, aliyechukua mkopo wa kausha damu, ule wa riba kubwa, ili akapande mbegu madhabahuni, yaani atoe sadaka akitegemea Mungu amrudishie zaidi, ile ni imani au ni ujinga.

Naanza na huyo rafiki maana ndiye aliyeninyima usingizi. Mwambie asirudie kabisa. Soma Wakorintho wa pili sura ya 8, Paulo anasema mtu anakubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo, si kwa kadiri ya asivyo navyo. Sasa mkopo ni hela ya mtu mwingine, yule mkopeshaji mwisho wa mwezi anakuja kubeba TV na godoro na kumpigia simu mpaka bosi wake, hapo mtu katoa nini? Na ukiendelea kusoma hiyo hiyo sura utaona jambo ambalo wahubiri wengi wanalipita mbio, kwamba ule mchango ulikuwa wa kusaidia waumini wenye shida kule Yerusalemu, na makanisa yalimchagua ndugu mmoja asafiri na kina Paulo ili mtu asije akawalaumu kuhusu hela. Mtume mzima! Sisi hapa usharikani kila Jumapili matangazo yanasomwa, sadaka ya wiki iliyopita shilingi ngapi, mnada shilingi ngapi, hata kama ni kidogo mpaka aibu. Kwa hiyo mahali unapotoa uliza inakwenda wapi, na wakikuambia kuuliza ni kukosa imani wewe chukua Biblia yako urudi nyumbani ukale.

Lakini usimcheke sana. Kuna kitu sijawahi kukuambia, na nimeandika hii sentensi nikaifuta mara tatu. Unakumbuka mwaka 2013 uliporudishwa nyumbani kwa ajili ya ada, uko fomu tuu, enzi hizo kabla ya elimu bila ada ya 2016, umeshuka kwenye daladala pale njia panda na tranka lako kichwani, jua la saa nane? Mimi nikakuambia kahawa haijalipwa. Haikuwa kweli mwanangu. Kahawa ililipwa, kidogo, lakini ililipwa. Wiki mbili kabla ilikuwa harambee ya jengo la kanisa, majina yanatajwa kwa spika, mama fulani mifuko mitano ya saruji, makofi, mama fulani saba, vigelegele, na mimi nikasimama na kitenge changu kipya nikasema kumi. Kumi! Baba yako alinigeukia hakusema kitu, akatazama tu viatu vyake. Ile hela ya saruji ilikuwa ada yako. Baba yako akauza yule mbuzi mweupe ndiyo ukarudi shule, wewe ukadhani mbuzi kaibiwa maana ndivyo tulivyokuambia.

Miaka kadhaa baadaye kwenye jumuiya tukasoma Marko 7, pale Yesu anawaambia Mafarisayo kuhusu Korbani, mtu ana mali ya kuwasaidia baba yake na mama yake halafu anasema hii nimeshaiweka wakfu kwa Mungu, basi imekwisha hiyo, wazazi wakae na njaa. Wenzangu wanachangia mada, mimi nimeinamia kanga nalia, wakadhani nimeguswa na Roho. Labda ni kweli nilikuwa nimeguswa. Nisamehe baba. Saruji iko ukutani upande wa kushoto karibu na dirisha la pili, huwa naitazama.

Kwa hiyo hilo la pili jibu lake unalo. Ukimlipia mdogo wako ada hujamwibia Mungu. Paulo anamwambia Timotheo asiyewatunza walio wake ameikana imani, tena ni mbaya kuliko asiyeamini, maneno makali hayo. Ila na mimi nakujua, usije ukatufanya sisi kuwa kichaka cha kujifichia, kila sadaka ikipita unasema mimi natuma nyumbani, natuma nyumbani, kumbe umetuma elfu ishirini tangu Pasaka na stetasi yako tunaiona uko ufukweni unakula pweza. Sisi ni wajibu. Sadaka ni ile inayovuka uzio wa kwenu ikaenda kwa mtu ambaye hana la kukudai.

Tena fungu la kumi lenyewe kwenye Torati halikuwa la hekaluni tu. Kumbukumbu la Torati sura ya 14 mwishoni inasema kila mwaka wa tatu lile fungu liwekwe ndani ya malango ya mji, Mlawi, mgeni, yatima na mjane wapate kula washibe. Mimi nimelichukua hivyo hivyo kienyeji. Kuna bahasha yangu ya kanisa yenye namba, hiyo haikosi, na kuna kopo la maziwa ya unga juu ya kabati, chenji za ndizi na za mayai zinaingia humo, likijaa nanunua sukari, sabuni na mafuta ya kula namtuma mtoto kwa jirani jioni giza likishaingia, ndani ya kapu na majani ya mgomba juu. Kwa nini giza, unajua mwenyewe hapa mtaani mambo yanavyokwenda, mchana ukimpelekea mtu sukari mpaka kufika kwake ameshajulikana kijiji kizima kwamba anakula cha kupewa.

Unamkumbuka yule bibi wa kule bondeni aliyekuja na mayai matatu kwenye leso? Ulikuwa darasa la nne, mwaka ambao masika hayakukaa vizuri na mahindi ya tambarare yote yakakauka. Baada ya ibada mnada nje, mikungu ya ndizi, maboga, jogoo mmoja mkali, halafu mzee wa kanisa akanyanyua yale mayai. Akaanzia elfu moja. Mtu akanunua kwa elfu tano akasema rudisha mnadani, mwingine akanunua kwa elfu nane, rudisha, wa tatu kumi, watu wanacheka, mayai yanapita mkono kwa mkono kama mtoto mchanga wa kubatizwa, mpaka yule mwalimu mstaafu akayachukua ya mwisho, akamfuata bibi kwenye benchi lake, akapiga goti na lile goti lake bovu, akamwekea leso mapajani akamwambia mama, mwekee kuku aatamie. Tunarudi nyumbani ukaniuliza, mama sasa bibi ametoa au hajatoa? Sikukujibu, nilikuambia tembea haraka mvua inakuja. Mvua yenyewe haikuwepo.

Haya, hilo la makato. Umeniandikia NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, inachukua asilimia 10, bodi ya mikopo ya wanafunzi 15, na PAYE, ile kodi ya mshahara, juu yake, na unataka kujua Mungu yuko kwenye foleni namba ngapi. Nimecheka kwanza. Mkulima wa Torati alileta sehemu ya nafaka na mifugo, hakuna aliyekuwa anadaiwa na bodi. Mchungaji wetu aliyepita alisema kabla ya makato, mimi nahesabu kwenye kilichofika mkononi, na wote wawili hatujapigwa na radi. Na sikuti mahali Paulo anawapangia Wakorintho asilimia, anawaambia kila mtu alivyokusudia moyoni, si kwa huzuni wala si kwa lazima. Wale waliokuwa wanapima mpaka mnanaa na bizari na jira, Yesu aliwaambia wasiache kutoa lakini wameacha yaliyo makubwa, adili na rehema na imani.

Ninachokuomba ni kimoja, toa mwanzo. Bibi yako mzaa baba alikuwa akikata mkungu, kabla haujaenda sokoni, chane moja ya juu inawekwa pembeni ya mlango, hiyo haiguswi, hata mgeni akija anapikiwa nyingine. Wewe hela ikiingia tu, kabla ya bando na kabla ya wikendi, tenga hata kama ni asilimia tano kwa kuanzia, maana ukisubiri ibaki haibaki. Mwezi ukiwa mbaya, umeugua au kodi ya nyumba imekuangukia, punguza wala usijifiche Jumapili kwa sababu bahasha ni nyepesi.

Baba yako anakusalimu, anauliza kama kuna njia ya kulipa ule mbuzi, anatania lakini na mimi sijui. Halafu ukituma ile hela ya mdogo wako weka na ya kutolea, mwezi uliopita ilipungua nikaongezea kutoka kwenye kopo.

Mama yako