Steringi Wawili, Muvi Moja: Maswali Yenu Kuhusu Krosova

Safari hii nimekusanya maswali yanayohusu krosova, yaani hadithi inayowakutanisha wahusika wa mifululizo ambayo kila mmoja ulikuwa unajitegemea. Mengi yameandikwa kwa hasira.

Kila steringi wawili wanapopambana, hakuna mshindi. Kwa nini watunzi ni waoga hivi? (Msomaji, Tanga)

Uoga upo, lakini si wote wa kulaumiwa. Wewe unajua steringi wako hafi, na jirani yako wa kiti cha pili anajua wa kwake hafi. Mtunzi anatakiwa awarudishe wote wawili nyumbani bila kuwatukana. Katika *Freddy vs. Jason* ya mwaka 2003, inayowakutanisha wauaji wawili wa muvi za kutisha, Jason anaibuka ziwani ameshika kichwa cha Freddy kilichokatwa, halafu kichwa kinakonyeza. Hiyo ni hila, ila ni hila yenye akili, kwa sababu wote wawili walishazoea kufa na kurudi.

Ninayoipenda zaidi ni kitabu cha katuni cha mwaka 1976, kampuni za DC na Marvel zilipomkutanisha Superman na Spider-Man. Kwa kawaida Superman angemmaliza mwenzake kwa kidole. Basi Lex Luthor, adui wa Superman, anampiga Spider-Man kwa mionzi ya jua jekundu, na kwa muda ngumi zake zinamrusha Superman hewani. Mionzi inaisha katikati ya ugomvi. Spider-Man anaendelea kupiga, na sasa anayeumia mikono ni yeye. Pambano tumeliona, na hakuna kanuni iliyovunjwa, maana jua jekundu limekuwa likimwondolea Superman nguvu tangu zamani. Uoga wa kulaumiwa ni ule wa kusitisha ugomvi kwa sababu nyepesi, mfano Batman kugundua kwamba mama yake na mama wa Superman wote wanaitwa Martha.

Hapo hapo kwa Martha: mbona *The Avengers* ilinoga na *Batman v Superman* ikapwaya?

Wengi watakujibu kwamba ni maandalizi, na hawajakosea. Kabla ya *The Avengers* ya 2012 zilitangulia muvi tano, kuanzia *Iron Man* ya 2008. Thor anapotua hujiulizi huyu ni nani. Unachotaka kuona ni namna atakavyomvumilia Tony Stark, yaani Iron Man. *Batman v Superman* ya 2016 ilitanguliwa na *Man of Steel* pekee. Batman mpya, Wonder Woman mpya, halafu Flash, Aquaman na Cyborg wakatambulishwa kwa namna ambayo mpaka leo inanichekesha: Wonder Woman amekaa mbele ya kompyuta, anafungua mafaili aliyotumiwa kwa barua pepe, anatazama video moja baada ya nyingine. Utadhani anachambua maombi ya kazi.

Lakini wingi wa muvi peke yake hautoshi. Tazama kipande cha mwisho kabisa cha *The Avengers*, majina yakishapita: mashujaa sita wamekaa mgahawani wanakula shawarma, hakuna anayesema neno. Kila mmoja amechoka kwa namna yake. Ukiweza kuwaweka wahusika wako meza moja wakiwa kimya na msomaji asichoke, krosova yako imeiva.

Spider-Man watatu katika *No Way Home* si ni biashara ya kumbukumbu tu?

Biashara ipo, tena kubwa: muvi hiyo iliwakutanisha waigizaji watatu waliomwigiza Spider-Man katika mifululizo tofauti. Ila kuna tukio moja linaloitetea muvi nzima. Mwaka 2014, Spider-Man wa Andrew Garfield alichelewa kidogo tu kumdaka mpenzi wake, Gwen Stacy, msichana akafa, na mfululizo ule ukakatishwa baada ya muvi mbili, jeraha likiwa bado bichi. Katika *No Way Home* ya 2021, MJ, mpenzi wa Spider-Man wa Tom Holland, anaanguka, Holland anazuiwa asimfikie, na anayeruka kumdaka ni Garfield. Wanapogusa chini anamuuliza kama yuko salama. Machozi yanamlenga, mpaka MJ naye inabidi amuulize kama yeye yuko salama. Tukio hilo lisingewezekana ndani ya muvi za Garfield mwenyewe, kwa kuwa huko Gwen ameshakufa. Kwangu mimi hicho ndicho kipimo: je, kuna jambo lililotokea hapa ambalo lisingeweza kutokea kwenye mfululizo wowote ukiwa peke yake?

Ruhusa inapatikanaje?

Kwa mkataba, na mara nyingine mkataba wenyewe huamua hadithi iweje. *Who Framed Roger Rabbit* ya 1988 ilimweka Mickey Mouse wa Disney na Bugs Bunny wa Warner Bros. pamoja kwa sharti kwamba asiwepo wa kumzidi mwenzake muda wa kuonekana. Ndiyo maana wanaporomoka angani ubavu kwa ubavu, wakipokezana maneno.

Asiye na ruhusa hubadilisha jina. Mwaka 1906 Maurice Leblanc wa Ufaransa alimwingiza Sherlock Holmes katika hadithi ya mwizi wake, Arsène Lupin. Conan Doyle, mtunzi wa Holmes, akalalamika, Holmes akageuka Herlock Sholmès. Itafute hadithi hiyo: mpelelezi anafumbua siri ya njia ya chini ya ardhi kwa dakika chache, mwizi naye anaondoka na saa yake ya mfukoni, kisha anairudisha kama kifurushi.

Naandika hadithi za mfululizo kwa simu. Moja ina mpelelezi wa polisi, nyingine ni ya majini. Wasomaji wananibana niwakutanishe. Nianzie wapi? (Mtunzi, Morogoro)

Anza kwa kuhesabu kesi zitakazoharibika. Mpelelezi wako anaishi kwa imani kwamba mlango uliofungwa kwa ndani ulifungwa na mtu. Siku utakayomruhusu jini mmoja apite ukutani kituoni kwake, kila muuaji aliyemkamata huko nyuma ana haki ya kukata rufaa. Kwa hiyo mpeleke yeye kwa majini, usiwalete majini kwake. Huko afuate kanuni za wenyeji, akosee, adharauliwe. Akirudi, arudi na jambo ambalo hawezi kuliandika kwenye ripoti.

Pili, usizichanganye sauti. Mwaka 1994 ilitoka katuni iliyomkutanisha Archie, kijana wa vichekesho vya shule, na Punisher, muuaji asiyecheka. Archie alichorwa na Stan Goldberg, Punisher na John Buscema. Ukurasa mmoja, mikono miwili, na kichekesho chote kimo humo. Sura za mpelelezi ziache kavu kama jalada la kesi, za majini ziache na madoido yake.

Ukimaliza, mpe mtu asiyejua mfululizo wa majini asome. Akikuuliza zaidi ya mara moja, "Huyu mwanamke mwenye kwato ni nani?", rudi sura ya pili.