Maswali yenu kuhusu filamu ya The Road

Safu iliyopita niliwasihi hata waliokipenda kitabu cha Cormac McCarthy waitazame filamu yake, The Road, iliyoongozwa na John Hillcoat mwaka 2009. Ni habari ya baba na mwanawe wanaotembea kuelekea kusini, wakisukuma toroli la dukani, katika Marekani iliyoungua ikabaki majivu. Baadhi ya walionusurika wanakula watu. Mmeniandikia, nami najibu.

Swali: Nianze na kipi, kitabu au filamu?

Kitabu. Kilitoka 2006, mwaka uliofuata kikapata tuzo ya Pulitzer. Ukitangulia filamu, yule baba atabaki na sura ya mwigizaji wake, Viggo Mortensen, siku zote. Sura hiyo inamfaa kweli, lakini ni vyema kwanza umwone kwa macho yako mwenyewe.

Swali: Mbona hatuambiwi kilichoiangamiza dunia? Nimeona nimepunjwa.

Hukupunjwa, ndugu yangu. Kitabuni saa zinasimama saa saba na dakika 17. Mwanga mrefu unapita, mishindo inasikika kwa mbali, na mume anakwenda bafuni kufungulia maji yajae. Mkewe anamuuliza mbona anaoga. Anajibu kwamba haogi. Basi. Ameshajua kuwa mabomba yatakauka. Tungeambiwa ni kimondo au ni bomu, tungeanza kutafuta wa kumlaumu, ilhali hawa wawili wanatafuta chakula cha leo.

Swali: Mama amepewa nafasi kubwa kuliko kitabuni. Kulikuwa na haja gani?

Hapo tuko pamoja. McCarthy alimpa kurasa chache, nazo zinachoma. Mwandishi wa mswada, Joe Penhall, anamrudisha mara kwa mara katika kumbukumbu za mume, na Charlize Theron anaigiza vizuri, sina neno. Ila kila tunaporudishwa kwenye rangi za zamani tunapata pumzi, na kitabu hakitupi pumzi. Hata sauti ya baba anayetusimulia ningeipunguza. Macho yake yameshasema.

Angalieni lile kopo la Coca-Cola. Baba anapenyeza mkono ndani ya mashine ya kuuzia soda iliyoharibiwa, anatoa kopo moja, anampa mwanawe. Mtoto hajui ni kitu gani. Anaonja, anashangaa mapovu, halafu anamtaka baba naye anywe. Kitabuni anauliza kama anapewa kwa sababu hatapata tena kunywa nyingine. Mtoto wa umri ule ameshafahamu! Kwenye filamu uzito huo unabebwa na nyuso mbili zilizojaa masizi, na mimi kila nikiitazama hushindwa kumeza mate. Hapo ndipo Hillcoat alipoielewa hadithi: ni baba anayemlisha mwanawe, na mwana anayekataa kula peke yake.

Swali: Yale mandhari yote ni ya kompyuta?

Kompyuta ilisaidia, lakini mahali pengi ni pa kweli. Walipiga picha Pennsylvania, ikiwemo kwenye kipande cha barabara kuu kilichoachwa miaka mingi, New Orleans iliyokuwa bado na makovu ya kimbunga Katrina cha 2005, na mlima St. Helens, volkano iliyolipuka 1980. Ukiona mti umelala, ujue ulilala kweli.

Swali: Mwanangu ana miaka 10. Nitazame naye?

Hapana, dada. Kuna chumba cha chini ya nyumba, watu wamefungiwa humo kama mifugo ya kuchinjwa. Kodi Smit-McPhee, anayeigiza yule mtoto, alikuwa na miaka 11 walipopiga picha, lakini yeye alijua damu ile ni rangi.

Swali: Je, mwisho wa filamu umelainishwa?

Kidogo. Kitabuni na kwenye filamu, mtoto anapokewa na familia. Filamu inamwongezea na mbwa, na kabla ya hapo mdudu mmoja anayeruka kutoka kwenye kopo, dalili kwamba uhai haujaisha. Kitabu hakitoi dalili hiyo. Kinafunga kwa aya ya samaki wa vijito vya milimani, waliokuwa na mistari mgongoni kama ramani ya dunia. Walikuwa, hawapo tena, wala hawawezi kurudishwa. Aya hiyo haimo kwenye filamu, nami naikosa kila majina ya waigizaji yanapoanza kupanda kwenye skrini.